Mashine Iliyowabagua Wateja

Nimekabidhi funguo za karakana, na vijana walioipokea wameniomba niwaandikie niliyoyaona. Sitaeleza nilianza na mshahara gani wala nilipanda cheo lini. Karakana yetu haikuwa na ngazi ya kupanda isipokuwa ile ya mbao, nayo ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nitaandika kuhusu kupima. Kazi ya umeme, ukiondoa kuvuta kebo na kuchimba mitaro, ni kuuliza swali na kutoridhika na jibu la kwanza.

Nilimaliza Chuo Kikuu miaka ile ya soko huria, wakati serikali ilikuwa imeacha kuwagawia wahitimu kazi na mashirika ya umma yalikuwa yakipunguza watu. Nilikuwa na digrii ya uhandisi na tabia ya kuuliza kwa nini. Vyote viwili havikunipatia ajira Dar es Salaam. Mjomba wangu aliyekuwa na duka Makambako alisema niende huko. Malori ya Songea na ya Mbeya yanakutana pale, alisema, na kila mwenye akiba anafungua mashine ya kusaga au ya kuranda mbao, lakini wa kuzifungia umeme hawatoshi. Nilishuka stendi asubuhi, upepo unavuma kutoka kila upande, nikiwa na koti la Dar, yaani bila koti.

Aliyenipokea kazini ni Fundi Nyagawa, Mbena wa upande wa Njombe, aliyepunguzwa kwenye shirika na kuamua kujiajiri. Alikuwa na mita ya mshale, kubwa kama tofali, yenye mfuniko wa ngozi alioushona mwenyewe. Mimi nilikuwa na mita ya dijitali, ya njano, niliyoinunua Kariakoo kabla ya safari. Wakati huo zilikuwa ngeni kule juu. Fundi aliigeuza mkononi, akabonyeza pembeni, akaniuliza kama inajua pia kujumlisha na kutoa. Tangu siku hiyo akaiita kikokotoo. Mimi aliniita Bwana Kwanini, na wateja wakadhani ndilo jina la ukoo wangu.

Siku yangu ya kwanza sikupima kitu. Nilitazama fundi mwenzetu akilipua waya za mita. Alikuwa ametoka kupima mkondo wa pampu, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la ampea, kisha akaenda moja kwa moja kupima volti kwenye soketi bila kuuhamisha. Tundu la ampea ni njia nyeupe, umeme unapita kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kulikuwa na mlio, moshi kidogo, na fundi wetu akabaki ameshika vipande viwili vya plastiki iliyoyeyuka. Nyagawa hakumgombeza. Alisema tu kwamba kabla hujauliza umeme uko wapi, uliza waya zako ziko wapi. Nilikuwa nimesoma jambo hilo chuoni katika sentensi ndefu zaidi.

Mengine ya mita ya dijitali niliyajifunza kwa kuibishia. Inapoonyesha 1 peke yake upande wa kushoto, haisemi moja. Inasema kipimo kimezidi uwezo iliowekewa, au njia imekatika. Nimewahi kukuta mtu ameandika ukutani kwamba waya una omu moja, kumbe waya ulikuwa umekatika na panya amejenga hapo katikati. Betri yake ikichoka, namba hupanda badala ya kushuka, na miaka ile betri nyingi za sokoni zilikuwa zimechoka tangu kiwandani. Ndiyo maana kabla ya kupima waya unaodhani hauna umeme, pima kwanza soketi unayojua ina umeme. Kisha pima huo waya. Kisha rudi kwenye soketi. Ukiona uvivu kurudi, kumbuka kwamba mita nayo inaweza kufa katikati ya kazi, na haitakuaga.

Kisa kilichonifundisha kutoiamini mita yangu kilitokea Njombe, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikifungwa umeme upya. Chumba kimoja kilikuwa na waya ambao tulikuwa tumeukata pande zote mbili. Haukuunganishwa popote. Mita yangu ikaonyesha volti tisini na kitu. Nikamwita Nyagawa, akapima kwa mita yake ya mshale, mshale ukatikisika kidogo ukalala. Tukabishana mbele ya mwenye nyumba, jambo ambalo halisaidii biashara. Nikakaa chini nikafikiri. Waya ule ulipita ndani ya bomba moja na waya wenye umeme, mwendo mrefu. Mita ya dijitali haivuti karibu chochote kutoka kwenye kile inachopima, kwa hiyo inasikia hata umeme unaonong'ona kutoka kwa jirani. Mita ya mshale huvuta kidogo, na mnong'ono unakatika. Tulichukua balbu, tukaifunga sambamba na mita. Namba ikaanguka hadi sifuri. Nyagawa akasema umeme wa kweli huwasha kitu, ule mwingine ni uvumi. Tukakubaliana tangu hapo kwamba mita yangu itauliza na balbu itathibitisha.

Nimeeleza hayo ili mwelewe yaliyotupata kwa Mama Hadija.

Mama Hadija alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na mzani wa kupimia mahindi ya wateja, pembezoni mwa Makambako, njia ya kwenda Njombe. Alizaliwa Kigoma, akamfuata mumewe dereva wa malori, na mumewe alipofariki barabarani alibaki palepale na wanawe wawili wakubwa waliomsaidia kuendesha mashine. Alikuwa msafi kupita kiasi. Sakafu ya saruji ilipigwa deki mara kwa mara, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kuingia na tope la nje. Viatu vilivuliwa mlangoni kama msikitini. Yeye na wanawe walivaa mabuti ya mpira meupe, ambayo hayakutoka nje ya chumba kile hata siku moja.

Masika yale mashine ikaanza kupiga watu. Mteja akishika mdomo wa bati unapomiminiwa mahindi, anatetemeshwa mkono mpaka begani. Mara ya kwanza watu walicheka. Kisha Mama Nestori, mkulima Mkatoliki wa ukoo uliohamia kutoka Uwemba, alirushwa akaanguka chali, debe la mahindi juu yake, akapasuka kisogo. Alipona, lakini hakunyamaza. Alikuwa ameona jambo ambalo kila mtu alikuwa ameliona bila kulisema, kwamba mashine inapiga wateja tu. Mama Hadija aliishika mchana kutwa. Wanawe waliipanda, waliipangusa, waliiegemea. Haikuwagusa. Mashine inawajua wenyewe, watu wakasema, na mashine haijui mtu bila kufundishwa. Mtu katoka mbali na mambo ya kwao, biashara inakwenda, mume kafa. Hesabu ikajumlishwa na watu wasiohitaji kikokotoo.

Mafundi wawili walikuwa wameshaitwa kabla yetu. Wote waliingia na mabuti, maana mafundi hawakuambiwa wavue, na ilikuwa masika na Makambako ni tope. Wote waligusa bati kwa mgongo wa mkono, kama wafanyavyo mafundi wengi, wakasema haina kitu. Mmoja alipima waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kutoka kwenye mota mpaka kwenye bomba la maji, mita ikalia kuonyesha njia haijakatika, akasema ethi ipo. Sasa hata ufundi ulikuwa umeshatoa ushahidi dhidi ya Mama Hadija. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mtewele, mtu mpole aliyechoka, alimwambia kwamba watu wamekasirika na yeye hawezi kuwazuia. Ama mashine ipigwe kufuli na yeye atafute mji mwingine, ama ithibitishwe kuwa safi kabla ya Jumapili. Baada ya misa watakutana.

Alikuja karakana akatueleza yote bila kulia. Aliuliza swali moja tu, kama kuna chombo kinachoweza kupima uchawi. Nikamwambia kwamba chombo nilicho nacho kinapima umeme, na kwamba ningependa kuanza na huo, maana uchawi hauna kipimo cha volti.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Sikutoa mita. Niliuliza maswali. Nani amepigwa? Wateja. Wote? Siyo wote. Nani hakupigwa? Mwalimu mmoja, na kijana wa lori. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Walikuwa wamevaa nini? Mtoto wa kwanza wa Mama Hadija akafikiri, akasema mwalimu alikataa kuvua viatu, wakagombana, na wa lori aliingia kwa haraka na raba zake. Nikawatazama miguuni. Familia nzima imesimama juu ya mpira. Wateja wote husimama peku juu ya saruji iliyolowa. Lakini wazo zuri nalo ni uvumi mpaka liwashe balbu.

Nikapima soketi kwanza, mita ikasema mia mbili thelathini na kidogo. Nikaweka waya mmoja kwenye bati la mashine inayozunguka, na mwingine kwenye kitambaa kilicholowa juu ya sakafu. Zaidi ya volti themanini. Nyagawa akasema, "Tusiiamini bado." Akafunga balbu sambamba. Namba ikashuka lakini haikuanguka, na ndani ya balbu uzi ukawa mwekundu kama kaa linalozimika. Huo haukuwa mnong'ono. Umeme ulikuwa unavuja kutoka kwenye mota kwenda kwenye bati, na ukimpata mtu aliyesimama peku unashuka kupitia kwake.

Lakini kwa nini ethi haikuuchukua? Nikazima swichi kuu, nikahakikisha kwa mita kwamba umezimika, nikapima waya wa ethi mpaka kwenye bomba. Mita ikalia, kama ilivyomlilia yule fundi. Hapo ndipo alipoishia. Bomba la chuma, limezama ukutani, nani ataliuliza? Nikatoka nje kuona linakwenda wapi. Hatua chache kutoka ukutani nikachimbua kwa jembe. Chuma kilikuwa kifupi kama mkono. Kutoka hapo lilianza bomba jeusi la plastiki, jipya, la aina iliyokuwa imejaa madukani tangu biashara ilipofunguliwa. Mabomba ya chuma ya mtaa mzima yalikuwa yameoza, wakabadilisha mwaka uliopita, na kila mtu akafurahia maji. Waya wa ethi wa Mama Hadija ulikuwa umefungwa kwa ustadi kwenye kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye plastiki. Haukufika ardhini. Karibu nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa hivyohivyo, tulipozipitia baadaye.

Tungeweza kutengeneza hapohapo na kuondoka. Nyagawa alikataa. Tukitengeneza pasipo watu kuona, alisema, kesho watasema dawa imeondolewa usiku, na aliyeiondoa ndiye aliyeiweka. Nikaona ana haki. Tukamwita mwenyekiti, na mwenyekiti hakuja peke yake. Mlango ulijaa. Mama Nestori alisimama mbele, kitambaa kisogoni, na Nyagawa akamsalimu kamwene kwa heshima, naye akaitikia bila kumwangalia.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, najua, kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi kichwani. Nikawasha tena swichi kuu na mashine, nikawaonyesha namba kwenye mita. Mzee Mtewele akavaa miwani, akatazama, akaivua.

"Mwanangu," akasema, "hiyo namba naiona. Hata saa ya mjukuu wangu ina namba. Nitajuaje inasema ukweli?"

Lilikuwa swali zuri, na lilinifurahisha ingawa halikupaswa kunifurahisha. Nyagawa akawasha balbu yake. Walikubali kwamba inawaka. Mama Nestori akasema balbu siyo mtu. Hakuna aliyesema mashine inachagua balbu. Inachagua watu.

"Wewe unasema ni viatu," akaniambia. "Basi mwenye mashine avue, aguse."

Nikasema hapana. Nikaeleza kwamba umeme haupimwi kwa mwili wa mtu, kwamba leo unakurusha na kesho unakushika, kwamba moyo hauombwi ruhusa. Vijana, hilo ndilo jambo moja katika maandishi haya ambalo sitaki mlihoji. Nikageuka nizime swichi kuu ili mabishano yaishe. Swichi ilikuwa upande wa pili wa chumba, nyuma ya magunia.

Mama Hadija hakungoja. Alivua buti moja, akavua la pili, akayaweka pembeni yakiwa yamenyooka. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa kukaa kwenye mpira. Akakanyaga saruji iliyolowa, akanyoosha mkono, akagusa bati kwa mgongo wa kidole. Mkono ukaruka peke yake, naye akarudi nyuma akakalia magunia ya pumba kwa kishindo, khanga imemtoka kichwani. Hapo ndipo nilipofika kwenye swichi.

Mashine ilichukua muda kusimama, kama mashine zote za kusaga. Tulisikiliza mlio wake ukishuka. Mama Hadija alikuwa amekumbatia mkono wake, anapumua kwa mdomo. Mama Nestori akamsogelea, akainama, akamtazama usoni kwa karibu sana, kama mtu anayechagua maharage.

"Kumbe na wewe inakuuma," akasema.

"Mimi ni nani isiniume?"

Mtu mmoja mlangoni akacheka, kisha wengine, na mwishowe Mama Nestori mwenyewe, akishika kisogo chake kwa sababu kucheka kulimuuma. Akaokota khanga, akamfunika mwenzake. Nilikuwa nimesimama na mita yangu ya njano mkononi, imeandika sifuri, na hakuna aliyetaka kuiona. Nilijiuliza wakati ule, na bado najiuliza, ni kitu gani hasa kilichowaridhisha. Haukuwa ushahidi kwa maana tuliyofundishwa. Mtu akitetemeshwa na umeme hajathibitisha chanzo cha umeme. Lakini hawakuwa wanauliza kuhusu umeme. Walikuwa wanauliza kama yule mama ni mtu kama wao, na swali hilo mita yangu haikuwa na tundu la kulichomekea.

Kazi iliyobaki tuliifanya mbele yao. Tulifungua kisanduku cha mota ambamo waya zinaunganishwa, na ndani mlikuwa na kitu kama uji mkavu. Vumbi la unga lilikuwa limeingia kwa miezi mingi, unyevu wa masika ukaukanda, na umeme ukapata njia ya kutambaa kutoka kwenye vifungo hadi kwenye chuma. Mama Nestori aliuchokoa kwa kijiti, akaunusa, akasema ni sembe. Tukasafisha, tukakausha kwa moto wa mkaa uliowekwa mbali, tukabadilisha kebo moja iliyobabuka. Kabla ya kusafisha, mita ilikuwa imeonyesha omu chache mno kati ya waya za mota na bodi. Sasa ikaonyesha ile 1 ya upande wa kushoto, ambayo kwa mara hii ilikuwa habari njema. Niliwaambia wanawe kwamba mita yetu inapima kwa betri ndogo na haiwezi kuapa kuhusu umeme mkubwa. Chombo cha kuapa ni mega, mita inayopima kwa volti kubwa, na ya karibu iko Iringa, kwa maombi. Tuliipata baadaye, ikakubaliana nasi.

Nje, mahali ambapo maji ya paa hudondokea na ardhi haikauki, tulipigilia chuma kirefu cha ethi mpaka nyundo ikaanza kurudi. Tukavuta waya mpya kutoka kwenye mota hadi pale, bila kupitia bomba la mtu yeyote. Kisha tukafunga balbu kati ya fezi, yaani waya wenye umeme, na chuma hicho, ikawaka nyeupe kabisa. Mashine ikawashwa. Nikapima bati na sakafu. Namba ilicheza karibu na sifuri ikatulia. Balbu haikuonyesha hata wekundu.

Nikatangaza kwamba imekuwa salama. Hakuna aliyesogea. Nikaweka kiganja changu juu ya bati, lakini mimi nilikuwa na viatu, na walishajua habari ya viatu. Nyagawa akavua vyake akafanya hivyo. Wakasema fundi ana mambo yake. Mama Hadija akataka kuinuka, na Mama Nestori akamrudisha chini kwa bega, akisema amegusa vya kutosha kwa siku moja.

Mama Nestori alikuwa amekuja na ndoo ya mahindi. Sikuwa nimeiona. Sidhani mtu hubeba mahindi kwenda kumfukuza mwenye mashine, isipokuwa kama ana shaka kidogo, na kwa shaka hiyo nilimheshimu. Akaitua. Akatembea peku mpaka kwenye mashine, akaweka kiganja chote kwenye bati, siyo mgongo wa mkono, na akakiacha hapo huku inanguruma. Alikaa hivyo akiwa amefumba macho, midomo inacheza. Labda alisali, labda alihesabu. Kisha akamimina mahindi yake, akasubiri unga ujae, akauchota kidogo akausugua kwa vidole.

"Mwenyekiti," akaita bila kugeuka, "maadamu mafundi bado wapo, na mzani wa huyu mama nao upimwe."

Mama Hadija akasimama kutoka kwenye magunia, akaanza kumjibu, kama mwenye duka yeyote anavyomjibu mteja wake.